SIKU YA UPATANISHO: MYAHUDI ANAFUNGA, MKRISTO ANAONA MSALABA, NA WEWE MUISLAMU UNAJIFUNZA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, Wayahudi wana siku wanayoihesabu kuwa tukufu kuliko siku zao zote. Wenyewe wanaiita Yom Kippur, na Biblia ya Kiswahili inaiita Siku ya Upatanisho. Waislamu wengi tunaijua kwa jambo moja tu: vita vya mwaka 1973. Vilianza tarehe 6 Oktoba, Wayahudi wakiwa katika funga yao hiyo, na sisi tukiwa mwezi 10 Ramadhani. Zaidi ya hapo, ukimuuliza Muislamu wa kawaida siku hiyo inahusu nini, atakwambia hajui.

Lakini jirani yako Mkristo anaijua, hata kama haifungi. Ameisoma katika Agano la Kale, ameisikia kanisani, na sehemu kubwa ya imani yake kuhusu msamaha wa dhambi imejengwa juu ya siku hiyo. Ukikaa naye kuzungumza dini, mtafika tu hapo: kwamba dhambi haiondoki mpaka damu imwagike. Ukiwa hujui neno hilo linatoka wapi, utaishia kubishana kwa kelele. Na Allah (S.W.) ametukataza kujadiliana na Watu wa Kitabu isipokuwa kwa njia iliyo bora (Suratul Ankabut, aya ya 46). Huwezi kujadiliana kwa njia bora na mtu ambaye hujui anasema nini.

Rai yangu ni hii, na nitaieleza hatua kwa hatua: siku hii ikisomwa kwa uadilifu, inamuuliza Mkristo swali zito kuhusu damu. Lakini inatuuliza sisi Waislamu swali zito zaidi kuhusu haki za watu. Ukichukua swali la kwanza ukaliacha la pili, umejifunza nusu.

KWANZA: SIKU YENYEWE IKOJE?

Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 16. Utakuta wana wa Israili wameamrishwa, siku ya 10 ya mwezi wa 7, waache kazi zote na wazitese nafsi zao, yaani wafunge. Siku hiyo kuhani mkuu, peke yake, anaingia Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayeingia, naye mwenyewe anaingia mara moja kwa mwaka.

Kwanza anachinja ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake yeye na nyumba yake. Zingatia hapo: hata kuhani mkuu anaanza na dhambi zake. Kisha wanaletwa mbuzi wawili, wanapigiwa kura. Mmoja anachinjwa na damu yake inapelekwa ndani, inanyunyizwa kwenye kiti cha rehema. Wa pili hachinjwi. Kuhani anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, anaungama dhambi zote za taifa, halafu mbuzi yule anapelekwa jangwani, kwa Azazeli, na hizo dhambi.

Sisi Waswahili tuna neno bangusilo, mtu anayebebeshwa makosa ya wenzake. Tunasema pia mbuzi wa kafara. Na hilo neno kafara si geni kwa Myahudi. Kiarabu kinasema kaffara, Kiebrania kinasema kippur, na mzizi ni mmoja, wenye maana ya kufunika au kufuta. Lugha hizi ni ndugu, kama manabii walivyo ndugu. Bahati mbaya leo mtaani mtu akisikia "kafara" anawaza waganga na utajiri wa ajabu ajabu. Asili yake ni kufutiwa dhambi.

Mwaka 70 baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), jeshi la Warumi chini ya Tito liliibomoa hekalu ya Jerusalem. Kuanzia hapo hakuna madhabahu, hakuna kuhani anayeingia ndani, hakuna mbuzi. Je, Wayahudi walisema basi, msamaha umekwisha? Hapana. Walisema toba, sala na matendo mema vinasimama mahali pa sadaka ile. Leo wanafunga takribani saa 25, hawali, hawanywi, hawaoshi miili kwa kujiburudisha, hawavai viatu vya ngozi, hawakaribiani mume na mke. Wanashinda katika sinagogi wakiungama, tena kwa wingi: tumekosa, tumedhulumu. Asubuhi wanasomewa Isaya sura ya 58, inayokemea mtu anayefunga huku anawaonea wafanyakazi wake. Alasiri wanasomewa kitabu cha Nabii Yunus (A.S.), chote. Shika jambo hili la Yunus, tutalirudia.

PILI: MKRISTO ANAIONA VIPI SIKU HII?

Tuseme ukweli kama wao wanavyouamini, tusiwazulie. Mkristo anaisoma sura ile ya 16 akaona kivuli cha jambo lililokuja baadaye. Waraka kwa Waebrania, hasa sura ya 9 na ya 10, unaeleza kwamba kuhani wa zamani aliingia kila mwaka na damu isiyo yake, na kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Kisha unasema Yesu ndiye kuhani mkuu, na yeye huyo huyo ndiye sadaka, aliingia mara moja, si katika hema la duniani bali mbinguni, kwa damu yake mwenyewe. Kwa hiyo kwao Siku ya Upatanisho imetimia msalabani. Ndiyo maana Wakristo wengi hawaifungi siku hiyo. Uzito wake umehamia Ijumaa Kuu.

Lakini si wote wanaoisoma sawasawa. Wasabato, ambao walifika nchini kwetu mwaka 1903 kupitia milima ya Upare, wana habari yao. Huko Marekani, wafuasi wa mhubiri William Miller walihesabu unabii wa Danieli sura ya 8, wakafikia kwamba Yesu atarudi tarehe 22 Oktoba 1844, siku waliyoihesabu kuwa ndiyo Siku ya Upatanisho mwaka huo. Walingoja. Hakurudi. Baadhi yao wakafasiri upya: kwamba siku ile haikuwa ya kurudi duniani, bali Yesu aliingia sehemu ya ndani ya patakatifu pa mbinguni na kuanza kazi ya hukumu, matendo ya waumini yakikaguliwa katika vitabu. Kutoka hapo likazaliwa kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Kwa hiyo ukizungumza na Msabato kuhusu siku hii, hazungumzii historia ya zamani tu. Kwake Siku ya Upatanisho inaendelea mbinguni sasa hivi.

Unaona, ndugu yangu? Sura moja ya Torati: Myahudi anafunga na kuungama, Mkatoliki na Mlutheri wanauangalia msalaba, Msabato anaangalia hukumu inayoendelea. Usiwachanganye ukawajibu wote kwa jibu moja.

TATU: JE, NI KWELI HAKUNA MSAMAHA BILA DAMU?

Hapa ndipo swali kwa Mkristo lilipo. Na tuanze kwa insafu: usimwambie Mkristo kwamba Torati haina damu. Inayo, tena nyingi. Na sisi wenyewe tunachinja siku ya Idi. Swali si kama damu ilikuwepo. Swali ni kama msamaha wa Mwenyezi Mungu umefungwa na damu, kiasi kwamba bila hiyo hawezi au hataki kusamehe.

Walawi sura ya 5, aya ya 11, inasema maskini asiyeweza kupata hata njiwa wawili alete unga, na unga huo uwe sadaka yake ya dhambi, naye asamehewe. Unga hauna damu. Mkristo msomi atakujibu: unga ule uliwekwa juu ya madhabahu iliyokwisha kupokea damu za wengine, na hiyo ilikuwa ruhusa kwa maskini tu. Jibu hilo lisikilizwe, lina mantiki yake.

Basi twende Ninawi. Watu wa Ninawi hawakuwa Waisraili. Hawakuwa na hekalu, wala kuhani wa ukoo wa Haruni, wala madhabahu ile. Yunus akawaambia mji wenu utaangamizwa. Kitabu cha Yona, sura ya 3, kinasema wakaamini, wakafunga, mfalme akashuka katika kiti chake akakaa kwenye majivu, na kila mtu akaamriwa aiache njia yake mbaya na dhuluma iliyo mikononi mwake. Mungu alipoona matendo yao, akawaondolea adhabu. Hakutajwa mbuzi aliyechinjwa Ninawi kwa ajili ya msamaha huo. Na Qur'an inawashuhudia watu hao hao katika Surat Yunus, aya ya 98: kwamba ndio watu walioamini, imani yao ikawafaa, wakaondolewa adhabu ya fedheha.

Sasa jiulize: kwa nini Wayahudi, katika siku ile ile ya mbuzi wawili, alasiri wanasoma habari ya mji uliosamehewa bila mbuzi? Hilo ndilo swali la kumuuliza jirani yako Mkristo, kwa upole, ukiwa na Biblia yake mkononi. Tena mkumbushe Ezekieli sura ya 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na mwovu akighairi ataishi. Mkumbushe mfano ulio katika Injili ya Luka sura ya 18, wa mtoza ushuru aliyesimama mbali, akajipiga kifua, akaomba rehema, akarudi nyumbani kwake amekubaliwa.

NNE: DENI LILILOLIPWA NA DENI LILILOSAMEHEWA

Chukua mfano wa daftari la madeni dukani. Una deni la elfu hamsini. Akija mtu mwingine akalilipa, deni limekwisha, lakini mwenye duka hakukusamehe, amelipwa. Akichukua kalamu akalikata bila kupokea shilingi, hapo amekusamehe.

Mkristo mwerevu atakwambia: hata akilikata, mwenye duka mwenyewe ameipata hasara, na hilo ndilo tunalolisema, kwamba Mungu ameibeba hasara Yeye mwenyewe. Hii ni hoja yao yenye nguvu, na anayewajibu bila kuifikia hajawajibu.

Jibu letu liko katika kumjua Allah. Mwenye duka ana hasara kwa sababu mali yake inapungua. Allah hapungukiwi. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.), iliyomo katika Sahih Muslim, Allah anaeleza kwamba dhambi za viumbe wote hazimdhuru, na akiwapa wote wanavyoomba ufalme wake haupungui, isipokuwa kama sindano ichovywapo baharini. Asiyepungukiwa hana hasara ya kufidia. Ameiandika rehema juu ya nafsi yake mwenyewe (Suratul An'am, aya ya 12). Adam (A.S.) alipokosea alifundishwa maneno ya toba, akatubu, akapokelewa (Suratul Baqara, aya ya 37). Hapo hakutajwa kuhani, wala kondoo. Na hata mnyama wa Idi, Allah ametuambia nyama zake na damu zake hazimfikii, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu (Suratul Hajj, aya ya 37).

Tazama pia kaffara ya kiapo katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Kosa lako linakuwa chakula kwenye sahani ya mwenye njaa. Na kanuni iliyokaririwa mara kadhaa ndani ya Qur'an ni kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Katika Uislamu hakuna bangusilo.

TANO: SASA GEUZA KIDOLE

Ndugu yangu, hapa ndipo wengi hutaka mada iishie. Tumeshapata hoja, tuka-share, tukaandika takbir. Subiri.

Wanazuoni wa Kiyahudi, katika Mishna, wameweka kanuni: dhambi zilizo kati ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho inazifuta. Dhambi zilizo kati ya mtu na mwenzake, siku hiyo haizifuti mpaka amwendee mwenzake na kumridhisha. Kwa hiyo Myahudi mshika dini, kabla ya funga hiyo, huwatafuta aliowakosea awaombe radhi. Na Injili ya Mathayo sura ya 5 inampa Mkristo fundisho la aina hiyo hiyo: ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda mkapatane kwanza.

Sisi je? Mtume wetu (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wakifunga siku ya Ashura. Walipoulizwa, wakasema ni siku Allah aliyomwokoa Musa. Akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha ifungwe. Imepokewa na Ibn Abbas (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Baadaye Ramadhani ikafaradhishwa, Ashura ikabaki sunna, na fadhila yake ni kufutiwa dhambi za mwaka uliopita, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Basi sisi nasi tuna siku yetu ya 10 ya kufutiwa.

Lakini dhambi zipi? Katika Muslim imekuja kwamba hata shahidi, aliyekufa katika njia ya Allah, husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ikiwa damu ya shahidi mwenyewe haimfutii deni la mtu, wewe funga yako ya siku moja itakufutia mshahara wa dada wa kazi uliyemfukuza bila kumlipa? Itakufutia fungu la mirathi la dada zako ulilolikalia miaka yote kwa kisingizio cha kuitunza nyumba ya marehemu baba? Itakufutia pesa ya upatu uliyokula ukabadilisha namba ya simu?

Ikikaribia Ramadhani au Arafa tunaweka kwenye status: "Kama nimekukosea naomba unisamehe." Watu mia tatu wanaona. Yule mmoja uliyemdhulumu haoni, kwa sababu umembloku. Hiyo si toba. Huko ni kumtuma mbuzi jangwani.

Na Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za muflis, mfilisi wa umma huu: anakuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amemzulia huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu. Mema yake yanagawiwa kwa aliowadhulumu. Yakiisha kabla ya madeni kwisha, madhambi yao yanachukuliwa na kutupwa juu yake, kisha anatupwa Motoni. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim.

Utauliza: ustadhi, umesema hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine, mbona huyu anabeba? Swali zuri. Habebi kwa ajili ya mwingine. Analipa deni lake mwenyewe, na hana sarafu nyingine ya kulipia, maana huko hakuna dinari wala dirhamu. Dhuluma ndiyo iliyouleta mzigo huo mabegani mwake. Siku hiyo, ndugu yangu, mbuzi wa Azazeli ni wewe mwenyewe, umejitwika dhambi za wale uliokuwa unawacheka.

KWA HIYO TUFANYE NINI?

1. Ukizungumza na Mkristo kuhusu siku hii, mwache aeleze imani yake mpaka mwisho. Kisha muulize kuhusu Ninawi. Usimkejeli. Mtu aliyekejeliwa hajifunzi, anajihami.

2. Kabla ya Ashura, yaani siku ya 10 Muharram, andika kwenye karatasi majina ya watu wenye haki kwako. Ukiwa na pesa, lipa. Ukiwa huna, nenda ukaseme huna na muwekeane muda. Mdai anaumia zaidi akikimbiwa kuliko akiombwa muda.

3. Kama mwenye haki amekufa, wapo warithi wake. Kama humjui alipo baada ya kumtafuta kwa dhati, waulize wanazuoni wa mji wako namna ya kumtolea sadaka.

4. Na wewe unayeombwa radhi, samehe. Wewe pia una daftari mahali.

Yanayotutenganisha na Wakristo katika mlango huu ni makubwa, na tusiyafiche: sisi hatuamini kwamba Isa (A.S.) alisulubiwa, wala kwamba alibeba dhambi zetu. Lakini haitakuwa na maana tushinde hoja ya kwamba hakuna anayebeba dhambi za mwenzake, halafu tuishi kama kwamba yupo atakayebeba zetu.

Allah atujaalie toba ya kweli kabla ya mauti, atupe ujasiri wa kuwaendea tuliowadhulumu, awape nao nyoyo za kutusamehe, na awaongoze jirani zetu na sisi kwenye njia iliyonyooka. Aamin.

Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.